Kupunguza Mwendo wa Maji: Shajara ya Mradi wa Kujikinga na Maafa, Bonde la Kinyasungwe

Agosti 2023

Tumeanza. Kijiji kiko wilayani Mpwapwa, ukanda wa Gulwe na Godegode, ambako Mto Kinyasungwe na reli ya kati hufuatana kuelekea Kilosa. Sehemu kubwa ya mwaka mto huu ni mchanga mtupu. Akina mama huchimba visima humo humo, mbuzi hukatiza, vijana hucheza mpira. Halafu siku moja ya Desemba au Januari mvua kubwa inapiga juu huko, Kongwa au Chamwino, na maji yanashuka hadi kwetu jua likiwaka. Hapo ndipo watu wanapopotea. Hawakuona wingu wala kusikia radi, wameshtukia tu mto umejaa.

Mratibu ni mimi, lakini mwenye mradi ni kamati ya maafa ya kijiji. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati hizi ziwepo hadi ngazi ya kijiji. Ya hapa ilikuwepo kwa majina tu, na baadhi ya waliotajwa walishahama. Mkutano mkuu wa kijiji umechagua upya. Safari hii wamo wafugaji, wamo wanawake wa vitongoji vya mtoni, na yumo kijana mmoja kiziwi ambaye dada yake humtafsiria. Swali lake la kwanza lilitunyamazisha wote: kengele ikipigwa usiku, yeye ataijuaje?

Msimamo wangu niuandike mapema ili ujulikane. Kwa hapa Dodoma ukame na mafuriko ni jambo moja. Mvua yetu ni kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, tena kwa vishindo vichache. Ikiangukia ardhi iliyovuliwa nyasi na miti haizami. Inateleza, inachimba korongo, inabomoa nyumba bondeni, inakwenda zake. Wiki mbili baadaye mahindi ya mlimani yananyauka. Mradi utakaokabili mafuriko peke yake utajenga kuta, na wa ukame peke yake utagawa chakula. Sisi tunataka maji yaende polepole.

Tulikaa na wazee kutengeneza kalenda ya maafa. Mzee mmoja alianzia Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920, aliyosimuliwa na bibi yake. Majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza yalipita Ugogo yakichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, na mvua zilipokosekana hapakuwa na akiba ya kushika. "Wanangu," akasema, "ukame haukuua peke yake. Vihenge vilikuwa vimeshakombwa." Wengine wakataja El Niño ya 1997/98. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 hata vijana wanayakumbuka: reli kati ya Kilosa na Gulwe ilisombwa, na treni zikakaa miezi bila kupita.

Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, imeshatangaza kwamba mwaka huu kuna El Niño. Tuna hadi Novemba.

Septemba

Ramani imechorwa chini ya mti kwa majivu na vijiti, kisha tukaizungukia kwa miguu. Wenye nyumba walituonesha maji ya 2010 yalipoishia: kwenye gogo la mkungugu, kwenye ukuta wa ghala la zamani, kwenye ngazi ya duka. Kila alama tumeipaka rangi nyekundu. Tulipoziunganisha alama hizo tukaona shule ya msingi, ambayo mpango wa zamani umeiandika kuwa mahali pa kukimbilia, iko chini ya mstari. Kamati imehamishia makimbilio kanisani, kwenye mwinuko, na msikiti ulio jirani umekubali kutoa uwanja na tangi lake la maji. Mpango wa zamani ni wazi uliandikwa mezani. Mtu aliyeishi hapa mwaka ule asingeandika shule.

Nyumba zimechukua muda wetu mwingi kuliko nilivyopanga, na sijutii. Tembe ina sababu zake. Paa la udongo hupoza joto la Oktoba, na juu yake huanikwa mtama. Lakini mvua ikinyesha mfululizo udongo unanywa maji na kuwa mzito kupita kiasi, nguzo zilizoliwa na mchwa zinaachia, na paa lote linawashukia waliolala. Mvua kubwa zinaua watu kwa namna hii pasipo mto wowote karibu. Tumekubaliana mambo mawili na wenye tembe: kukwangua udongo ulioongezwa mwaka hadi mwaka, na kubadilisha nguzo zilizooza kabla ya Novemba. Kaya zisizo na mwanaume wa kukata nguzo zitakatiwa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji.

Za mabati hatari yake ni upepo unaotangulia mvua za kwanza. Mafundi walionesha kwenye nyumba ya mjane mmoja jinsi kenchi, mbao kuu zinazobeba paa, inavyofungwa kwa waya mzito uliozamishwa ukutani kozi kadhaa za tofali chini, na papi, mbao nyembamba za kupigilia mabati, zinavyosogezwa karibu kwenye kingo za paa ambako upepo huanzia kufumua. Kazi ya asubuhi moja na waya wa bei ndogo. Nimeona paa nyingi za shule za vijijini zikiezuliwa kwa kukosa waya huo.

Orodha ya wasioweza kukimbia iko kwa mabalozi wa nyumba kumi: wazee, wajawazito, walemavu, wenye watoto wachanga. Kila jina limewekewa jirani wawili. Kijana wetu kiziwi amechagua wake mwenyewe. Ataguswa bega na kumulikwa tochi.

Oktoba

Mwezi wa sururu.

Juu ya kijiji kuna korongo linalomeza eneo la malisho kila mwaka. Fundi wetu ni mzee aliyefanya kazi ujanani na HADO kule Kondoa. HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ilianza 1973. Mwaka 1979 serikali iliondoa mifugo yote katika eneo lililoharibika la Kondoa Irangi. Mzee anasema nyasi zilirudi, miti ikarudi, mpaka chemchemi. Anasema pia watu waliumia, kwa sababu ng'ombe ndiye mahari, maziwa na benki. Nimelifikiria sana hilo. Ardhi inaponyeka, tumeona. Lakini njia ya kumwamrisha mfugaji ahame siwezi kuipendekeza hapa. Tumekwenda kwa makubaliano: sehemu ya juu ya mteremko imefungwa kwa sheria ndogo ya kijiji, njia ya mifugo kwenda mtoni imebaki wazi na kuwekewa alama, na wafugaji wenyewe ndio waliochora mpaka.

Kuziba korongo kuna adabu yake. Unaanzia kichwani, kwenye maji machache, unashuka. Ukianzia chini, mvua ya kwanza inakuja na nguvu zote na kukubomolea. Kila kizuizi cha mawe kinachimbiwa msingi sakafuni, na mabawa yake yanaingizwa ndani ya kingo mbili ili maji yasipite pembeni. Katikati lazima pawe chini kuliko pande, maji yaruke hapo. Na chini ya mruko unapanga mawe mapana, yasichimbe shimo. Urefu hauzidi goti au kiuno. Vijana walitaka kujenga ukuta mmoja mrefu waumalize. Mzee akakataa: vifupi vingi, kimoja kikimpunguzia mwenzake kazi.

Mashambani tunapima kontua, yaani mistari ya usawa mmoja kukata mteremko, kwa fremu ya umbo la herufi A yenye timazi, miti mitatu na jiwe kwenye kamba. Watoto wa darasa la sita wameielewa upesi kuliko sisi. Kwenye baadhi ya mashamba tunatumia njia iitwayo fanya juu: unachimba mtaro na kutupa udongo upande wa mlimani, mwaka hadi mwaka shamba linakuwa ngazi. Kwenye mengine tunatumia fanya chini, udongo unatupwa upande wa bondeni. Kingo zinapandwa majani ya mabingobingo, yanashika udongo na kulisha ng'ombe.

Na kuna njia ya Kisiki Hai, ambayo shirika la LEAD Foundation imeieneza katika wilaya nyingi za Dodoma. Hununui mche. Unatafuta kisiki kilichokatwa ambacho mizizi yake bado iko hai, unachagua machipukizi machache yenye afya, unapogoa mengine, unafunga kitambaa kuwa alama, unakilinda. Mti ulioshikwa na mizizi ya miaka ishirini hauna haja ya kumwagiliwa. Nimeshiriki kupanda miche mingi katika mkoa huu iliyokauka kabla ya Agosti, kwa hiyo nalisema hili kwa uhakika: hapa kwetu kulinda kisiki kunashinda kupanda mche.

Mtu akiuliza kwa nini tunahangaika na milima wakati mafuriko yako bondeni, namtajia Bwawa la Ikowa kule Chamwino. Lilijengwa miaka ya 1950. Wataalamu walipopima mabwawa ya Dodoma, Ikowa likiwemo, miaka ya mwanzo ya 1970, walikuta yanajaa mchanga kwa kasi ya kutisha, mchanga uliotoka kwenye miteremko mitupu. Bwawa bila mlima ni kazi bure.

Malori ya mchanga yametuletea mvutano. Yanachota karibu na kingo, kingo zinadhoofika, mto unapanua mdomo kuelekea nyumba. Lakini vijana wanaopakia wanalipwa siku hiyo hiyo. Serikali ya kijiji imezuia kuchota upande wa makazi na kuruhusu upande wa pili, chini ya daraja la miguu. Sina amani kamili na uamuzi huo. Ndio uliowezekana.

Novemba

Utabiri wa TMA wa msimu wa Novemba hadi Aprili umetoka: mvua za wastani hadi juu ya wastani kwa sehemu nyingi. Afisa ugani aliusoma mkutanoni. Mama mmoja akauliza, "Juu ya wastani ndiyo nifanye nini, mwanangu?" Swali hilo ndilo kazi yetu. Tukakaa jioni nzima kuligeuza tangazo kuwa vitendo: nafaka ihamishwe kutoka vihenge vya chini, vyoo vilivyo karibu na mto vifukiwe na kuchimbwa juu, vyeti na kadi za kliniki zifungwe kwenye mfuko wa plastiki na kuning'inizwa mlangoni.

Mnyororo wa onyo umekamilika. Juu ya mto, katika vijiji vitatu, tuna waangalizi: mwenye duka, mama lishe wa karibu na stesheni, na mlinzi wa pampu ya maji. Kila mmoja ana nguzo mtoni iliyopakwa kijani, njano na nyekundu. Maji yakigusa njano anapiga simu, yakigusa nyekundu anapiga tena. Tunatumia simu ndogo ya kitochi, kwa sababu chaji yake inakaa siku nyingi, na vocha inatoka kwenye mfuko wa kamati. Kundi la WhatsApp lipo, lakini uhai wa watu hauwezi kutegemea data.

Huku chini anayepokea anapiga kipande cha reli kilichoning'inizwa kanisani. Cha shuleni kinagongwa taratibu, hiki kitagongwa mfululizo bila kupumzika. La mgambo likilia kuna jambo, na watu wamefundishwa jambo lenyewe ni lipi: usiulize, panda. Tumeandika pia kwamba mjumbe yeyote aliyepokea simu ana mamlaka ya kugonga. Hamsubiri mwenyekiti wala mtendaji. Hapo palibishaniwa kwa muda mrefu. Waliohofia fujo walikuwa na hoja, lakini onyo la uongo hugharimu usingizi, na lililochelewa hugharimu watoto.

Mbegu: tumehimiza mtama, aina ya Macia kwa kuwa hukomaa mapema, na uwele kwa walioko kwenye mchanga. Wengi bado wanataka mahindi kwa sababu ya soko na kwa sababu ndege waitwao kweleakwelea hawayashambulii kama mtama. Tumewaomba angalau shamba la nyumbani liwe la mtama.

Desemba

Jumapili ya Desemba 3, asubuhi, tope na mawe kutoka Mlima Hanang vilishukia Katesh na vijiji vya jirani, mkoani Manyara. Zaidi ya watu 80 wamekufa. Kuna watu hapa kijijini wana ndugu kule. Siku ile hatukufanya kazi, tulikaa na wafiwa.

Siku zilizofuata watu waliokuwa wakikwepa mikutano walikuja wenyewe. Tumefanya zoezi la kukimbia, mchana kisha usiku. La usiku limetufundisha zaidi. Njia ya kitongoji cha chini inapita kwenye kijito ambacho nacho hujaa, kwa hiyo imefunguliwa nyingine nyuma ya mashamba ya alizeti.

Mambo mawili yameamuliwa ambayo nayaona makubwa kuliko vifaa vyote. La kwanza, ng'ombe na mbuzi wa bondeni watalala boma la juu kuanzia sasa hadi Aprili. Wengine hawafi kwa kukosa onyo. Wanafia mifugo: wanarudi kuifungulia, maji yanawakuta bomani. La pili, mwanafunzi anayeishi ng'ambo akikuta mto umejaa havuki. Kila mmoja ana nyumba ya kulala upande wa shule, na mzazi amekubali kwa jina. Maji ya magotini yenye kasi humwangusha mtu mzima, na chini yake kuna mashimo ya visima ambayo macho hayaoni.

Januari 2024

Imekuja.

Simu ya njano ilipigwa jioni, kwetu hakukuwa na tone. Nyekundu ikafuata kama saa nne usiku, mama lishe akipiga kelele kwenye simu kwamba maji yamepita nguzo na yanabeba miti. Aliyepokea ni mweka hazina wa kamati. Mwenyekiti alikuwa Mpwapwa mjini. Mweka hazina huyo hakusita, aligonga reli.

Nilikuwa kitongoji cha chini na mabalozi. Watu walitoka na watoto mgongoni, ndoo za unga, redio. Majirani wa kijana kiziwi walimfikia mapema, naye akawa wa kwanza kurudi nyumba ya tatu kumbeba bibi asiyetembea. Mzee mmoja alikataa kutoka. Mjukuu wake akamwambia, "Babu, ng'ombe wako juu. Huku umebaki wewe peke yako." Akasimama, akachukua fimbo yake.

Maji yalifika usiku wa manane. Sauti yake ilitangulia. Yalipanda hadi karibu na alama nyekundu za ukutani, hayakuzifikia. Kulipopambazuka tulihesabu watu kwa orodha za mabalozi, jina kwa jina, na majina yote yaliitikiwa. Nyumba za matofali mabichi zilizokuwa karibu na mto zimelala, zote za kitongoji kimoja. Choo cha shule kimebomoka. Visima vya mtoni vimefukiwa. Kuku wengi wamekufa. Upande tuliozuia malori kingo zimekatika kidogo; upande wa pili zimekatika sana, na daraja la miguu limeondoka.

Korongoni vizuizi vya juu vimesimama na nyuma yake kuna udongo mpya, laini. Viwili vya chini vimepasuka: maji yalizunguka bawa la kushoto, ambako kingo ni mchanga na mawe hayakuingia ndani vya kutosha. Mzee wa HADO ameshapima pa kuanzia.

Februari

Wiki ya kwanza ilikuwa ya maji ya kunywa. Visima vilivyofukiwa vikichimbuliwa hutoa maji ya tope na kinyesi, kwa hiyo dawa ya kutibu maji imegawiwa na wahudumu wa afya ya jamii wanapita kila nyumba. Waliopoteza nyumba wako kwa ndugu. Hema zilizoletwa hazikujaa.

Halafu mvua ikakata. Ukavu wa Februari tunaujua, unakuja mahindi yakitoa mbelewele. Nimepita mashamba ya mteremkoni na afisa ugani. Yasiyo na matuta majani yamejikunja kufikia saa nne asubuhi. Yenye fanya chini, jirani kabisa, bado yamefunguka, na ukichimba kwa jembe unakuta unyevu. Wenye mashamba haya walikuwa wanatazamana bila kusema. Watatu wamekuja jioni kuuliza fremu inapatikana wapi.

Aprili

Waziri Mkuu ameliambia Bunge hapa Dodoma kwamba mvua za msimu huu zimeua watu 155 nchini na kujeruhi 236, na walioathirika wanazidi 200,000. Tulisikiliza redioni tukiwa kwenye msaragambo wa choo cha shule. Kazi ilisimama kwa muda.

Nyumba mpya zimeanza. Serikali ya kijiji imetoa viwanja juu ya mstari mwekundu. Kaya mbili hazitaki kuhama kwa sababu mashamba ya bustani yako bondeni na wana watoto wadogo wa kuchunga. Hatuwezi kuwadharau. Tumependekeza walime chini, walale juu, na kijiji kimeahidi kuwatengenezea njia ya toroli.

Mei

Mavuno yameanza huku manyunyu yakiendelea, na hilo linaniogopesha kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2016 watu kadhaa walikufa mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, baada ya kula mahindi yaliyoota ukungu. Mahindi yaliyoteswa na ukavu shambani na kuvunwa na unyevu ndiyo yanayobeba kuvu hiyo. Tumenunua maturubai ili watu wasianike chini, na tunawaonesha kupima ukavu kwa chumvi: punje na chumvi kavu kwenye chupa, unatikisa, chumvi ikigandia ukutani mwa chupa mahindi bado. Yenye ukungu hayaliwi, hayapikiwi pombe, hayapewi kuku.

Yaliyobaki kabla ya kiangazi kukolea: vizuizi viwili vya chini vijengwe upya, mabawa yakiingia ndani ya kingo mara mbili ya awali, nguzo za rangi zirudishwe kwenye vijiji viwili vya juu, maji yalizing'oa, mama lishe apewe simu nyingine, yake iliingia maji usiku ule, daraja la miguu lipelekwe kwa diwani pamoja na picha. Wafugaji wameomba eneo lililofungwa lifunguliwe kwa kukata nyasi na kubeba, si kwa kuchungia. Kamati itajibu kwenye mkutano mkuu wa Juni.